Je, Israeli ya kale ilikuwa na Mungu mmoja tangu mwanzo? Swali kuhusu Kumbukumbu la Torati 32:8

Katekista wa Kadutu (Bukavu)

Jambo wote. Ninaandaa vipindi vitatu vya Agano la Kale kwa vijana wa shirika, saa moja na nusu kila kimoja, na kuna swali ambalo sitaki kulijibu kwa kubahatisha. Je, Waisraeli walishika imani ya Mungu mmoja tangu Abrahamu na Musa, wakawa wanaanguka na kurudi? Au imani hiyo ilikua hatua kwa hatua hadi ikafika pale tunapoijua?

Kinachonibana ni Kumbukumbu 32:8. Biblia ya Union inasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Louis Segond ni hivyo hivyo, «enfants d'Israël». Lakini Bible de Jérusalem inaandika «fils de Dieu». Wana wa Israeli na wana wa Mungu si watu wamoja. Tofauti hiyo imetoka wapi, na tushike ipi?

Pili, Zaburi 82 inamweka Mungu katikati ya miungu, anaihukumu. Hiyo miungu ni nani? Wengine wanaeleza kwamba ni waamuzi wa kibinadamu.

Tatu, kuna maandishi yaliyofukuliwa yanayosema «Yawe na Ashera wake» (Yawe ni lile jina ambalo Union inaliandika «Bwana»; Ashera ni mungu wa kike wa kale). Yanathibitisha nini hasa, na nini hayathibitishi?

Naomba sura na mistari, ili vijana wafungue wenyewe.

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Ndugu Katekista, aksanti. Nianze na 32:8 kwa sababu hapo ushahidi unashikika kwa mkono.

Mstari huo una mashahidi watatu. Wa kwanza ni Kiebrania cha Wamasoreti, wale wanakili Wayahudi wa zama za kati. Nakala yake kamili ya zamani kuliko zote tulizo nazo, ile ya Leningrad, iliandikwa mwaka 1008 baada ya Kristo, na inasema *bene Yisrael*, wana wa Israeli. Union na Segond zimefuata huko. Wa pili ni Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanza karne ya 3 KK: nakala zake nyingi zina «malaika wa Mungu», chache zina «wana wa Mungu». Wa tatu ni kipande cha gombo cha Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, pango la 4, kinachoitwa 4QDeut-j. Ni Kiebrania, kinaitangulia ile ya Leningrad kwa karibu miaka elfu moja, na kinasema *bene elohim*, wana wa Mungu. Bible de Jérusalem imefuata huko.

Mashahidi wakipingana, usiwahesabu tu. Uliza ni mabadiliko gani mnakili angeweza kuyafanya. Aliyeona «wana wa Mungu» wakigawiwa mataifa angeweza kushtuka na kurekebisha kuwa «wana wa Israeli». Aliyeona «wana wa Israeli» hakuwa na sababu yoyote ya kuingiza wana wa Mungu. Tena maana yenyewe inasumbua: mataifa yanapogawanywa, Mwanzo 10 na 11, Israeli bado hayupo. Mipaka ingepimwaje kwa hesabu ya watu ambao hawajazaliwa?

Marekebisho hayo yalikuwa rahisi kwa sababu ya namba 70. Mwanzo 10 ina mataifa 70 kwa hesabu ya kimapokeo. Kutoka 1:5 ina watu 70 wa nyumba ya Yakobo. Na kule Ugarit, mji wa pwani ya Siria ulioangamia karibu mwaka 1185 KK, mabamba ya udongo yanawataja wana 70 wa Athirati, mke wa mungu mkuu El. Athirati ni jina lile lile ambalo kwa Kiebrania ni Ashera. Namba ilikwisha kuwapo. Mnakili alibadilisha wenye namba tu.

Sasa soma mstari wa 9 bila kupumzika: fungu la Yawe ni watu wake, Yakobo ndiye sehemu ya urithi wake. Kuna njia mbili. Ama Aliye Juu ni Yawe mwenyewe, amegawia wana wake mataifa mengine akajibakizia Israeli. Ama Aliye Juu ni mkubwa anayegawa, na Yawe ni mmoja wa wanaogawiwa. Mimi naona shairi lenyewe, kwa lugha yake ya kale, linasomeka vizuri zaidi kwa njia ya pili. Lakini aliyelipokea katika kitabu cha Kumbukumbu alilisoma kwa njia ya kwanza, maana 32:39, katika wimbo huo huo, inasema hakuna mungu mwingine pamoja nami. Sura moja imebeba tabaka mbili. Hilo ni jambo zuri la kuwaonyesha vijana, na halihitaji kitabu kingine.

Zaburi 82. Maelezo ya waamuzi wa kibinadamu yanavunjika kwenye mstari wa 7: «mtakufa kama wanadamu». Hukumu hiyo haina uzito wowote kwa mtu ambaye tayari ni mwanadamu. Mstari wa 1 unalitaja kusanyiko la El, mstari wa 6 unawaita wana wa Aliye Juu. Ni baraza la mbinguni, lile lile la 1 Wafalme 22:19-22, Ayubu 1:6 na Zaburi 89:6-8. Kosa lao liko mstari wa 2 hadi 4: hawakuwatetea maskini na yatima. Kisha mstari wa 8 unamwomba Mungu asimame, kwa maana yeye ndiye atakayeyarithi mataifa yote. Linganisha na Kumbukumbu 32:8. Kule mataifa yamegawanywa kati ya wengi, huku wengi wamehukumiwa kufa na urithi wote unakwenda kwa mmoja. Zaburi hii ni kesi, na mwisho wa kesi ndio mlango wa imani ya Mungu mmoja.

Jambo la mwisho kwa leo. Tenganisha mambo matatu ambayo neno «Mungu mmoja» linayafunika: kuabudu wengi, kuabudu mmoja bila kukana kwamba wengine wapo, kukana kabisa kwamba wengine wapo. Amri ya kwanza, Kutoka 20:3, ni ya aina ya pili. Inakataza kuwa na miungu mingine mbele zake. Haisemi kwamba haipo. Ukishatenganisha hayo, mistari mingi inayosumbua inatulia: Waamuzi 11:24, ambapo Yeftha anazungumza na Waamoni juu ya kile Kemoshi alichowapa; 1 Samweli 26:19, ambapo kumfukuza Daudi katika nchi ni sawa na kumwambia akaabudu miungu mingine; 2 Wafalme 5:17, ambapo Naamani anaomba udongo wa kubebwa na nyumbu wawili ili amwabudu Yawe huko Siria.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwalimu ameeleza vizuri. Nishike lile la tatu, maana hapo watu wanateleza pande zote mbili.

Maandishi yanayosemwa yanatoka Kuntillet Ajrud, kilima cha jangwani kaskazini-mashariki ya Sinai, kama kilomita 50 kusini ya Kadeshi-Barnea. Palifukuliwa mwaka 1975 na 1976 na Ze'ev Meshel. Ni kituo cha njiani cha karibu mwaka 800 KK. Kulikuwa na mitungi miwili mikubwa yenye michoro na maneno ya wino. Mmoja una baraka kwa «Yawe wa Samaria na *asherato*», mwingine kwa «Yawe wa Temani na *asherato*». Ushahidi wa pili ni kaburi la Khirbet el-Qom, magharibi ya Hebroni, la karne ya 8 KK: maandishi yanasema mtu aitwaye Uriyahu alibarikiwa na Yawe, na kwamba aliokolewa na adui zake kwa njia ya *asherato*.

Hapa Kiswahili kinaficha tatizo. Sisi tunaweza kusema «Maria wangu», «Petro wetu», na hakuna anayeshangaa. Kiebrania cha Biblia hakifanyi hivyo: jina la mtu halipokei kiambishi cha kumiliki. Kwa hiyo *asherato*, neno kwa neno «ashera yake», kwa sarufi inaelekea kuwa kitu: mti au nguzo ya mbao inayosimama karibu na madhabahu. Kumbukumbu 16:21 inakataza kuisimamisha pale pale, karibu na madhabahu ya Yawe, na hakuna anayekataza jambo ambalo halifanyiki. Kwa hiyo ukiandika ubaoni «mke wa Mungu amepatikana Sinai», umesema zaidi ya mtungi.

Lakini usiteleze upande wa pili pia, ukasema ilikuwa nguzo tu. 1 Wafalme 18:19 inataja manabii 400 wa Ashera, na nguzo haina manabii. 2 Wafalme 23:4 inaiweka Ashera kati ya Baali na jeshi la mbinguni kama mwenye vyombo vyake. 23:7 inasema wanawake walikuwa wakimfumia vitambaa ndani ya nyumba ya Yawe. Nguzo ilikuwa ishara ya aliyewahi kuwa na jina na uso.

Tahadhari kwa wanaosoma Kifaransa: Segond ya 1910 inatafsiri Ashera kama «Astarté», kwa mfano 2 Wafalme 23:6 na 1 Wafalme 18:19. Ni majina mawili. Kwa Kiebrania Ashera inaanza na herufi alefu, Ashtorethi (huyo ndiye Astarté) inaanza na ayini, na ndiye mungu wa Wasidoni katika 1 Wafalme 11:5. Union imehifadhi «Ashera», kwa hiyo hapa ni bora kuitumia hiyo. Wakijadili wenye Segond na wenye Union bila kujua hili, watabishana saa nzima juu ya watu wawili tofauti.

Kuhusu michoro ya mtungi wa kwanza: kuna maumbo mawili yaliyosimama yanayofanana na Besi, mungu mdogo wa Misri, na mwanamke anayepiga kinubi. Wengine walisema ndio Yawe na Ashera. Angalieni hata hivyo kwamba maneno yamepita juu ya taji la umbo moja. Mchoro na maandishi si lazima viwe vya mkono mmoja wala vya siku moja. Mimi siwezi kuujenga ukuta juu ya hapo.

Ushahidi ulio mzito kuliko mitungi, na watu wachache wanautaja, ni Elefantine, kisiwa cha Nile mbele ya Aswan. Kulikuwa na kikosi cha askari Wayahudi chini ya Waajemi, wakiwa na hekalu lao la Yaho, ambalo Wamisri walilibomoa mwaka 410 KK. Mwaka 407 waliandika kwa Bagohi, liwali wa Yuda, kuomba lijengwe tena. Wana karatasi nyingine, orodha ya michango ya mwaka 400, kila mtu shekeli 2. Mwishoni fedha imegawanywa: kwa Yaho shekeli 126, kwa Eshem-Betheli 70, kwa Anath-Betheli 120. Hao ni Wayahudi waliohesabu fedha na kuiandika bila kuona haya, karne moja na zaidi baada ya uhamisho wa Babeli.

Mchungaji wa Ndosho (Goma)

Mama, Mwalimu, ninawaheshimu, lakini picha imeegemea upande mmoja.

Kwanza, hakuna anayeficha kwamba Waisraeli waliabudu miungu mingine. Biblia ndiyo inayosema, kurasa na kurasa. Yeremia 11:13 inasema miungu ya Yuda ni mingi kama miji yake. Kwa hiyo mtungi wa jangwani unathibitisha kile manabii walichokilalamikia. Hauthibitishi kwamba imani ya manabii haikuwapo. Tutenganishe kilichofanywa na watu na kilichofundishwa.

Pili, angalieni majina. Mzazi anapompa mtoto jina anaweka ndani yake yule anayemtegemea. Sisi tunalijua hilo. Katika mihuri na barua za Yuda za karne ya 8 hadi ya 6 KK, majina yanayomtaja mungu karibu yote yana Yawe: yanaishia na *-yahu*, kama Uriyahu wa lile kaburi. Majina yenye mungu mwingine ni machache mno. Jeffrey Tigay aliyakusanya mwaka 1986 na tokeo lake halijapinduliwa. Kama Yuda ingekuwa imejaa miungu mingi kama Ugarit, tungeiona katika majina.

Tatu, zile sanamu ndogo za udongo za wanawake wenye kushika matiti, zilizopatikana kwa mamia Yerusalemu na kandokando yake. Hazina jina, zilipatikana hasa majumbani, na nyingi zimevunjika. Kuziita «Ashera» ni kuzibatiza sisi wenyewe.

Yehezkel Kaufmann, aliyeandika kwa Kiebrania katikati ya karne ya 20, alionyesha jambo ambalo bado lina nguvu: waandishi wa Biblia wanaizungumzia miungu kama mti na jiwe tu, wala hawasimulii kuzaliwa kwa Yawe, ndoa yake, wala kifo chake. Ugarit ina hadithi hizo zote. Israeli haina hata moja.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Baba Mchungaji, hoja ya majina ni nzito na ninaikubali kwa sehemu kubwa: kuanzia karne ya 8, katika Yuda, Yawe ndiye mungu wa taifa na wa familia, hilo halina ubishi. Hoja ya sanamu za udongo pia nakubaliana nayo, na Katekista asizitumie kama ushahidi wa Ashera.

Lakini majina yana mipaka miwili. Kule Ugarit, ambako hakuna anayeshuku kwamba Athirati aliabudiwa, jina lake ni nadra sana katika majina ya watu. Kutokuwapo kwake katika majina ya Yuda hakutuambii mengi. Tena ukirudi nyuma, majina yanabadilika sura. Mwana wa Sauli katika 1 Nyakati 8:33 ni Eshbaali, «mtu wa Baali», na katika 2 Samweli 2:8 ameandikwa Ishboshethi, «mtu wa aibu». Mwana wa Daudi ni Eliada katika 2 Samweli 5:16, lakini Beeliada katika 1 Nyakati 14:7. Mmoja wa askari wa Daudi, 1 Nyakati 12:5, anaitwa Bealia: «Yawe ni Baali». *Baali* ni neno la kawaida, maana yake mwenye, bwana, mume. Wakati fulani lilikuwa cheo ambacho Yawe mwenyewe aliitwa nacho, ndiyo maana Hosea 2:16 anasema siku itakuja hutaniita tena Baali wangu. Kisha neno likawa mwiko na majina yakasafishwa.

Na hapa ndipo mgawanyo wa «watu» na «mafundisho» unaponishinda. Ashera haikuwa uani kwa mtu. Ilikuwa ndani ya hekalu la Yerusalemu, imewekwa na mfalme: 2 Wafalme 21:7. Kabla yake mama wa mfalme, Maaka, alikuwa na sanamu yake: 1 Wafalme 15:13. Nyoka wa shaba, ambaye Hesabu 21 inasema alitengenezwa na Musa mwenyewe, alifukiziwa uvumba hadi siku za Hezekia: 2 Wafalme 18:4. Yehu anaifuta ibada ya Baali yote katika 2 Wafalme 10, ila 13:6 inasema Ashera bado imesimama Samaria. Hata kwenye mlima Karmeli, manabii 400 wa Ashera wanatajwa wakati wa kuitwa, na katika 1 Wafalme 18:40 wanauawa wale wa Baali tu. Mwandishi hasemi waliishia wapi. Kwa muda mrefu mpinzani alikuwa Baali. Ashera aligeuka kuwa tatizo baadaye.

Ngome ya Aradi, kusini ya Yuda, ilikuwa na hekalu dogo la karne ya 8 lenye madhabahu mbili za uvumba, moja ya sentimita 52 na nyingine ya 40. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulikuta mabaki ya ubani na mafuta ya wanyama juu ya ile kubwa, na ya bangi iliyochanganywa na samadi juu ya ile ndogo. Ngome ya mfalme, ibada ya serikali, na hakuna kinachofanana na kanuni ya hekalu moja ya Kumbukumbu 12.

Kuhusu Kaufmann: ni kweli hakuna hadithi ya kuzaliwa kwa Yawe. Ila mabaki ya vita vyake na joka la bahari yako Zaburi 74:13-14 na Isaya 27:1, na Leviathani wa Isaya ameelezwa kwa maneno yale yale ya Ugarit: nyoka mwepesi, nyoka wa kujipinda.

Mwanafunzi wa Ruashi (Lubumbashi)

Shikamooni. Na Akhenaten, yule Farao wa Misri aliyeabudu jua peke yake? Kuna wanaosema Musa alichukua kwake imani ya Mungu mmoja.

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Akhenaten alitawala katikati ya karne ya 14 KK, na ibada yake ya jua, Ateni, ilifutwa mara tu baada ya kifo chake. Kutajwa kwa kwanza kwa jina Israeli ni kwenye jiwe la Farao Merneptah, karibu 1208 KK. Tangu hapo hadi mstari wa kwanza wa Biblia unaokana wazi miungu mingine ni zaidi ya miaka 600. Hakuna daraja juu ya pengo hilo. Liache.

Turudi kwa Katekista, maana bado hatujajibu lini na kwa nini.

Hatua ya kwanza ni El na Yawe kuwa mmoja. Jina lenyewe Israeli lina El, si Yawe. Mwanzo 33:20 Yakobo anajenga madhabahu ya «El, Mungu wa Israeli». Kutoka 6:3 inasema wazi kwamba mababu walimjua kama El Shadai, na kwa jina la Yawe hakujulikana kwao. Katika kuungana huko Yawe alirithi cheo cha El, baraza lake, na inaelekea hata Ashera, aliyekuwa mke wa El.

Hatua ya pili ni «Yawe peke yake», karne ya 8 na ya 7. Hosea katika kaskazini, kisha mabadiliko ya Yosia mwaka 622 KK, 2 Wafalme 22-23. Hapa siasa ya Ashuru inaeleza mengi. Mwaka 672 KK Esarhadoni aliwaapisha wafalme wadogo wamtii mwanawe Ashurbanipali: wampende kama nafsi zao, wasimfiche mtu yeyote anayenong'ona uasi, hata ndugu au mwana. Fungua sasa Kumbukumbu 13: nabii, ndugu, mwana, au mke akikuambia «twende tukaabudu miungu mingine», usimfiche. Na 6:5, mpende Yawe kwa moyo wako wote. Yuda ilijua kiapo hicho, ikaitoa ile ahadi ya utii kwa mfalme wa Ashuru na kumpa Yawe.

Kumbukumbu 6:4 yenyewe inastahili dakika kumi. Baada ya «Sikia, Ee Israeli», Kiebrania ni maneno manne bila kitenzi: Yawe, Mungu-wetu, Yawe, mmoja. Inaweza kuwa «Yawe ni Mungu wetu, Yawe peke yake». Inaweza pia kuwa «Yawe ni mmoja», na hapo mitungi ya Mama inasaidia: Yawe wa Samaria, Yawe wa Temani, na katika 2 Samweli 15:7 Absalomu ana nadhiri kwa Yawe aliyeko Hebroni. Mstari unasema hakuna Yawe wengi wa mahali mahali.

Hatua ya tatu ni uhamisho. Mwaka 587 au 586 KK hekalu linachomwa. Kwa hesabu ya kawaida ya nyakati hizo, Marduki, mungu wa Babeli, ameshinda na Yawe ameshindwa. Wengi waliona hivyo: wale wanawake wa Yeremia 44:17-18 wanasema tangu tulipoacha kumfukizia Malkia wa Mbinguni ndipo tulipokosa kila kitu. Jibu la manabii lilikuwa kinyume kabisa: Nebukadreza ni mtumishi wa Yawe (Yeremia 25:9). Ukishasema mfalme wa Babeli anatumwa na Mungu wako, Marduki hana kazi tena. Isaya 40 hadi 55, karibu na kuanguka kwa Babeli mwaka 539, inachukua hatua hiyo hadi mwisho: 43:10, 44:6, 45:5-7, na 46:1-2, ambapo Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wanabebwa na wanyama waliochoka na hawawezi kujiokoa.

Onyo moja. «Mimi niko, wala hakuna mwingine» peke yake haitoshi kuthibitisha ukanushaji wa miungu yote. Isaya 47:8 na Sefania 2:15 wanaiweka sentensi hiyo midomoni mwa Babeli na Ninawi, na Ninawi haikudai kwamba miji mingine haipo. Nguvu ya Isaya iko katika kuunganisha: yeye peke yake aliumba, yeye peke yake anatangaza yajayo, na sanamu ni nusu ya gogo ambalo nusu yake ilipikia nyama (44:15-17).

Katekista wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana nyote. Mawili yamebaki. Elohimu, neno la Kiebrania tunalolitafsiri «Mungu», ni wingi: je, ni ushahidi wa miungu mingi? Na vijana watauliza tu: Washi, watu wa huku Bukavu, walimwita Mungu Nyamuzinda kabla ya wamisionari. Je, ni jambo lile lile la El na Yawe?

Mchungaji wa Ndosho (Goma)

La Elohimu nijibu mimi, maana hapa sote tunakubaliana. Umbo ni wingi, kitenzi ni umoja: Mwanzo 1:1, *bara*, «aliumba», si «waliumba». Hata Kemoshi, mungu mmoja wa Moabu, anaitwa *elohim* katika Waamuzi 11:24. Barua za Amarna, zile alizoandikiwa Farao na watawala wa Kanaani katika karne ya 14 KK, zinamwita Farao, mtu mmoja, «miungu yangu». Ni wingi wa heshima. Palipo na swali la kweli ni Mwanzo 1:26, «na tumfanye», na hapo baraza la mbinguni ndilo maelezo mepesi zaidi kwa msomaji wa kale.

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Nyamuzinda anafanana kwa jambo moja: jina lililokuwapo lilipokewa na kupewa mafundisho mapya bila kufutwa, na leo Biblia ya Kimashi inalitumia. El alifanyiwa hivyo. Tofauti yake ni kwamba Lyangombe na mizimu wengine hawakuunganishwa na Nyamuzinda wala kuwekwa katika baraza lake kwa mfano wa Zaburi 82. Usivute mfano kupita hapo, na usiuanze kipindi nao. Uweke mwishoni, la sivyo saa moja na nusu itaishia Bushi, nchi ya Washi.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Kwa vipindi vyako: cha kwanza Kumbukumbu 32:8-9 na Zaburi 82 tu. Cha pili 2 Wafalme 23:4-14, wahesabu wenyewe vitu vinavyotolewa hekaluni, hadi farasi wa jua wa mstari wa 11. Cha tatu Yeremia 44:15-19 dhidi ya Isaya 44:6-20.

Piga fotokopi moja yenye safu tatu za Kumbukumbu 32:8: Union, Segond, Jérusalem. Mahali pa «Bwana» na «l'Éternel» andika kwa kalamu YAWE, na mahali pa «Aliye Juu» andika ELYONI, neno lake la Kiebrania. Usipofanya hivyo tofauti ya majina haionekani kabisa, maana «Bwana» na «Mungu» vimeifunika. Safu ya nne iache tupu. Waambie waijaze wao, kwa maneno ya Qumran, kisha wasome mstari wa 9 kwa sauti.